Nusu kwa Manamba, Nusu kwa Watani

Nikisema kwamba mdudu wa jipu ana umbo zuri, watu wa nyumbani kwangu hukunja nyuso na kuniambia nimezeeka vibaya. Lakini nasema ninachokijua. Nimemtazama kwenye hadubini kwa miaka mingi kwa jicho la kulia, la kushoto nimelifumba, na hadi leo nikiyafumba yote mawili namwona: mviringo kabisa, rangi ya zambarau, amekaa na wenzake fungu moja, kama punje za mtama zilizomwagika zikakusanyana pembeni mwa ungo. Wapo wengine warefu kama vijiti, wapo waliopinda, wapo wanaotembea wawili wawili. Huyu ni mtu wa ukoo, hakai peke yake. Ndiye aliyenipa kazi, na ndiye aliyetaka kuninyang'anya mke.

Zilikuwa enzi za Mwingereza, miaka ya hamsini ikiwa bado michanga. Mimi Mzigua wa Handeni, nilisoma shule kiasi, nikajifunza upimaji wa magonjwa Tanga, kisha nikaajiriwa katika hospitali ya shamba moja la mkonge nje ya Korogwe. Jina la shamba halina faida kwa msomaji. Mashamba yalikuwa mengi na yote yalifanana, mistari ya mkonge mpaka macho yachoke. Mimi na mke wangu tulipanga chumba Manundu. Asubuhi nilikwenda kazini kwa miguu, nikipishana na wanawake wa Kisambaa waliotoka milimani na mizigo ya ndizi na maharage, shikamoo kwa huyu, marahaba kwa yule, na kabla sijafika nusu ya njia ilinipokea harufu ya mkonge unaosagwa kwenye korona, mashine ya kutoa nyuzi. Wageni harufu ile chachu iliwachefua. Mimi, kama ingeuzwa kwenye chupa, leo hii ningeinunua.

Chumba changu cha kazi kilikuwa na dirisha moja, meza moja na hadubini moja ya shaba ambayo hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuifuta vumbi. Nilikuwa mkali kwa hilo. Nilikuwa na visahani vya kioo nilivyovimiminia supu ya nyama iliyogandishwa kwa unga wa mwani na kuchanganywa na damu ya kondoo. Mdudu alikula humo na kuzaa. Usiku visahani vililala ndani ya sanduku lililopashwa joto kwa taa ya mafuta, na asubuhi niliwahi kufungua kabla hata sijavua kofia, nione nani ameota.

Kazi haikukosekana. Jani la mkonge lina mwiba mweusi nchani, na mkata mkonge anayetaka kumaliza fungu lake la siku hana muda wa kuukwepa. Ulimchoma kidoleni, pajani, mara nyingine karibu na jicho. Baada ya siku tatu ni jipu, na wagonjwa walipangana barazani wameinua mikono juu kama watoto wanaojua jibu.

Daktari wetu alikuwa Mzungu mzee, mwembamba, mwenye kaptura pana na Kiswahili cha mashambani. Watu walimchosha upesi. Wadudu hawakumchosha kamwe. Siku moja, nikiwa bado mgeni kazini, aliniita akaweka vioo viwili mbele yangu. Kwenye cha kwanza walikuwapo wale wadudu wa vijiti, wafupi, wamenyooka. Kwenye cha pili walikuwa ndugu zao hao hao, ila waliwekewa penisilini kidogo, wakaachwa saa chache. Nilishangaa. Walikuwa wamerefuka wakawa kama nyuzi, hawajui tena kujigawa, na katikati wamefura matumbo. Wengine wamepasuka, imebaki alama tu.

"Dawa inaharibu ukuta," alisema. "Nafikiri hivyo. Wakubwa Ulaya bado wanabishana."

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba alikisia sawa. Mdudu ana ukuta unaomshika umbo lake, naye huujenga kila anapokua. Penisilini humzuia kujenga, na mdudu asiye na ukuta hujaa maji mpaka anapasuka. Lakini siku ile sikuhitaji kitabu. Nilielewa kwamba mtu anaweza kumtazama mdudu umbo tu akajua kama dawa imemfikia. Nililipenda jambo hilo kuliko nilivyoweza kueleza. Nilirudi nyumbani nikamsimulia mke wangu, naye akaniuliza kama wadudu wale nao wana wake wanaosubiri chakula kipoe.

Mwenzangu kazini alikuwa dresa, mfunga vidonda na mchoma sindano, Mnyamwezi, mkubwa kwangu kidogo. Baba yake alikuja kama manamba, kibarua wa mkataba, kutoka bara, akafanya kazi mpaka akafia kambini, na mwanawe alizaliwa hapo hapo kwenye nyumba za wafanyakazi. Alikuwa na mkono mwepesi wa sindano na mdomo mzito wa matusi, maana mimi na yeye tulikuwa watani. Mnyamwezi na Mzigua ni watani tangu zamani za misafara. Leo vijana wanadhani utani ni kuchekeshana tu. Utani ulikuwa na sheria. Mtani wako angeweza kumkamata kuku wako mchana kweupe, nawe ukabaki kucheka, ukinuna umeuvunja. Akija kudai kitu, hadaiwi sababu. Na siku ukifiwa, ni yeye anayesimamia maziko huku akikutukania marehemu wako mpaka ucheke katikati ya kilio.

Sasa mwaka mmoja Handeni hakukunyesha. Handeni si mara ya kwanza, lakini ule mwaka hata mihogo ilikauka ardhini. Watu wetu walishuka Korogwe kutafuta chakula, wengine kwa lori, wengi kwa miguu, na njiani miguu ilichubuka, vidonda vikaoza. Walinijia mimi. Mjomba, shangazi, binamu wa binamu. Na hospitali ile ilikuwa ya wafanyakazi wa shamba peke yao. Asiye na kadi ya kazi hakuguswa.

Nilimwambia dresa. Alitazama mstari wa watu wangu waliokaa nyuma ya jengo, akatikisa kichwa.

"Wazigua nyie," alisema kwa sauti, wasikie wote, "njaa yenu sasa imeota miguu! Imekuja mpaka kazini kwangu!"

Mjomba wangu mmoja, mzee mwenye kidonda cha kisigino, akamjibu pale alipokaa: "Mnyamwezi, acha maneno. Toa haki yangu. Ulipopita kwetu na mzigo wa pembe kichwani nani alikupa maji?"

Wakacheka wote, na mambo yakawa yamekwisha. Mtani amedai. Dresa hakuwa na njia ya kukataa, wala hakuitafuta.

Jinsi ya kufanya niliitoa mimi. Nasema hivyo kwa sababu baadaye yeye alitaka kuichukua, na si yake. Daktari alikuwa ameamuru kila mkata mkonge mwenye jipu apewe kichupa kizima cha penisilini kwa siku, kwa siku tano. Mimi nilikuwa na kipimo kizuri cha kioo, dresa hakuwa nacho. Nikasema tugawe. Nusu ya kichupa kwa manamba, nusu kwa mtani. Nilipima sawasawa, tone kwa tone, bila kumpunja mtu, na nilijivunia haki yangu.

Msomaji asinicheke upesi. Mimi nimekulia katika nyumba ambamo mwaka wa njaa mama aligawa kibaba cha unga kwa vinywa tisa, na hakuna aliyekufa. Kwetu mtu hula nusu ili mwenzake aishi. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nilikuwa na dawa kidogo na wagonjwa wengi. Nifanye nini kingine? Haikunipitia akilini kwamba kipo kitu duniani ambacho ukikigawa kwa wema unakigeuza sumu.

Na mwanzoni ilionekana inafaa. Manamba alipata nafuu siku ya pili, siku ya tatu akatoroka wodi ili siku za kazi kwenye kadi yake zisibaki nyuma. Mjomba kisigino kilikauka juu, akarudi Handeni na debe la mahindi. Watu walituombea dua, Waislamu kwa Wakristo. Dresa alisema mimi sasa ni chifu wa Wazigua wenye vidonda.

Mambo niliyaona kwanza kwenye sahani. Kila wiki daktari alinitaka nipime usaha wa wagonjwa wachache. Niliupaka juu ya sahani, nikatoboa kishimo katikati, nikatia humo tone la penisilini. Kesho yake wadudu walikuwa wameota sahani nzima isipokuwa pale dawa ilipofika. Hapo palibaki duara tupu, safi, pana. Mwanzo wa mwaka duara lilikuwa na upana wa vidole vitatu. Ilipofika katikati ya mwaka lilikuwa vidole viwili. Kisha nikaanza kuona ndani ya duara, mahali pasipotakiwa kuota kitu, kijitone kimoja peke yake, cha manjano, kinene, kimetulia. Wiki iliyofuata viwili. Baadaye sahani nyingine zikawa hazina duara kabisa.

Nilifanya nini? Nilisema dawa imechakaa. Nilisema taa ya sanduku ilizidi joto. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu, na mimi nilikuwa na chumba kizima cha sababu. Vijitone vile vya ndani ya duara nilivitazama kwa hadubini nikakuta ni wale wale wa ukoo, wazuri, wa mviringo, nikafunga sahani nikaitia kwenye sufuria ya kuchemshia.

Mke wangu alijifungua mvua za vuli zilipoanza, mtoto wetu wa kwanza, msichana. Mama mkwe alikuja kutoka Magoma kumhudumia, na kwa heshima mimi nikahamia barazani. Lakini kila jioni nikitoka kazini niliomba niletewe mtoto. Niliweka pua yangu juu ya utosi wake nikavuta pumzi. Wenye watoto wanaijua harufu ile. Wasio na watoto siwezi kuwaeleza. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa. Nilikuwa natembea Manundu nasalimia hata mbuzi.

Siku ya kumi na mbili mke wangu aliamka na homa. Jioni ziwa la kulia lilikuwa gumu kama jiwe la kusagia, jekundu, na alilia kila mtoto alipoligusa. Mke wangu hakuwa mtu wa kulia. Asubuhi tulimbeba kwa machela mpaka hospitali, na kwa kuwa mimi ni mfanyakazi alipokewa. Daktari akaandika penisilini, kichupa kizima, asubuhi na jioni. Dresa alimchoma kwa mkono wake mwepesi, kichupa kizima, hakupunguza hata tone. Nilisimama nikamwangalia akivuta.

Siku ya kwanza homa ilibaki. Ya pili ikapanda. Siku ya tatu alianza kusema na marehemu bibi yake kwa Kisambaa, lugha ya kwao, na mama mkwe akatoka nje akakaa chini na mtoto mapajani, akimnywesha maziwa ya ng'ombe yaliyotiwa maji kwa kijiko. Mkwe na mkwe hawatazamani usoni, lakini siku ile alinitazama.

Daktari akachoma sindano kwenye ziwa, akatoa usaha kidogo, akanipa. "Pima," alisema. "Kesho tutajua."

Nilipaka sahani kama alivyotaka. Halafu, kwa mazoea, nikapaka kidogo kwenye kioo pia, nikatia rangi, nikaweka chini ya hadubini.

Walikuwa wale wale. Zambarau, mafungu kwa mafungu. Nilisogeza kioo huku na huku nikitafuta aliyevimba. Siku tatu za sindano nzima, mara sita, na hao wadudu walikuwa wakiogelea ndani ya dawa. Ilipaswa nione matumbo yaliyofura, vipande, ngozi tupu. Sikuona hata mmoja. Kila mdudu alikuwa amekamilika, duara lake halina kasoro, wengine wako katikati ya kujigawa wawe wawili kwa raha zao. Sijawahi kuona wadudu wazuri kama wale.

Kungoja sahani ilikuwa ni kungoja mpaka kesho, na kesho mke wangu hakuwa nayo. Lakini kumwambia daktari leo ilikuwa ni kuambiwa: umejuaje? Na jibu la hilo lilikuwa na dresa ndani yake, na watu wangu wote wa Handeni. Nilikaa pale labda kwa muda wa kuchemsha chai. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nayaficha maradhi yangu ndani ya mwili wa mke wangu. Nikaondoka.

Nilimkuta daktari ofisini akifuta miwani.

"Bwana daktari, penisilini haitamponya mke wangu."

"Sahani imeota tayari?"

"Bado. Nimewatazama tu. Hawana hata alama. Ni wazima."

Aliinuka bila kuuliza tena, akaenda chumbani kwangu, akainama kwenye hadubini kwa muda mrefu. Aliponyanyuka hakunitazama.

"Hawa wamezoeana na dawa siku nyingi," alisema. "Wamezoeana nayo wapi?"

Nikamwambia. Nusu kwa manamba, nusu kwa watani, karibu mwaka mzima. Nikamwambia pia juu ya maduara. Nikiwa katikati ya maneno dresa aliingia, sijui nani alimwita, akasimama kando yangu.

"Bwana mkubwa," alisema, "huyu ni mtani wangu. Kosa lake ni mali yangu. Andika mimi."

Daktari hakuelewa hata kidogo. Alitutazama kama watu wawili wanaogombania mzigo uliooza. Kisha akanigeukia mimi.

"Kwenu Handeni mbegu mnachaguaje?"

Nilidhani amechanganyikiwa. Nikamjibu kwamba bibi yangu, jua likiwa kali, huenda shambani kutafuta masuke yaliyostahimili, huyatundika juu ya moshi wa jikoni, na hayo ndiyo tunayopanda mwaka unaofuata.

"Na wewe umefanya hivyo hivyo," alisema. "Nusu ya dawa inaua wadhaifu. Waliostahimili umewaachia shamba lote, wazae. Kila siku, mwaka mzima. Wewe ni mkulima mzuri sana."

Ningefurahi zaidi kama angenipiga. Nilikuwa nimejua siku zote kwamba mtoto hufanana na wazazi. Sikuwa nimewaza kwamba hata mdudu ana urithi, na kwamba yeye hahitaji miaka ishirini kuupitisha. Kila nusu saa mmoja huwa wawili. Dawa haikuwafundisha kitu. Alikuwapo tangu mwanzo mmoja kati ya maelfu, amezaliwa na namna yake ya kuivunja penisilini kabla haijamgusa ukuta, na mimi kwa kipimo changu cha haki nilimwondolea jirani zake wote. Nilipokuja kusoma baadaye kwamba wadudu hawa huweza hata kupeana urithi huo, jirani akampa jirani asiyemzaa, nilicheka peke yangu mpaka nikafunga kitabu. Hata wao ni watani.

Daktari alipiga simu Tanga. Kulikuwa na dawa mpya, vidonge vya manjano, vichache, vilivyowekwa kwa ajili ya wagonjwa wa huko. Sijui alisemaje, maana alisema Kiingereza cha haraka na kwa hasira, lakini treni ya asubuhi ilikuja nayo. Nilikuwa stesheni tangu alfajiri. Daktari alimpasua ziwa mchana ule, usaha ukatoka bakuli zima, na dresa ndiye aliyemshika mabega huku akimtukana: "Msambaa gani wewe unaogopa kisu, na kwenu mnashinda mkichinja!" Mke wangu, katikati ya homa, alimrudishia tusi ambalo siwezi kuliandika. Hapo nilijua ataishi. Nilitoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji, na sioni aibu kusema.

Homa ilishuka siku ya tatu. Ziwa lile halikutoa maziwa tena. Mtoto alinyonya la kushoto peke yake. Daktari hakutufukuza. Alisema akinifukuza atapata wapi mtu anayejua kutazama, na hilo lilikuwa neno zuri pekee aliloniambia maishani. Lakini funguo za stoo alimnyang'anya dresa, na watu wa Handeni aliwapangia siku yao moja kwa wiki, dozi nzima au asiguswe kabisa. Wengi hawakuguswa. Na wale tuliokwisha kuwarudisha na nusu zao, mjomba wa kisigino na wenzake, sikuandikiwa barua juu yao. Nilikwenda Handeni mwaka uliofuata na sikuuliza.

Likabaki swali moja. Mdudu yule mke wangu alimpata wapi? Alizalia nyumbani, hakuwa amekanyaga hospitali. Daktari akatupangusa pua sisi wote tunaofanya kazi pale, kila mtu kwa kijiti chake cha pamba, na sahani akanipa mimi nizioteshe. Ya dresa ilikuwa safi. Ya mpishi safi. Yangu iliota tone kwa tone, manjano ya dhahabu, mpaka ukingo wa kishimo cha dawa, na duara hakuna. Mdudu alikuwa amekaa puani mwangu bila kuniumiza hata kidogo, na mimi kila jioni nilikuwa nampelekea mtoto utosini, na mtoto anampelekea mama.

Nilimweleza mke wangu jioni, yuko kwenye mkeka anamnyonyesha. Nilieleza yote, toka kipimo cha kioo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea kilio, au arudi kwao.

"Kwa hiyo ulitaka kuwapa watu," alisema.

"Ndiyo."

"Na sisi ukatupa pia." Akamhamisha mtoto begani. "Sawa, Mzigua. Sasa usimsogelee mwanangu mpaka hicho kidudu kitoke."

Hakusema kwa ukali. Ingekuwa afadhali. Nilishona vitambaa vya shashi za hospitali, vya kufunika pua na mdomo, nikavifunga kila nilipoingia uani. Nilikula peke yangu nyuma ya nyumba, nililala barazani, nilimbeba mtoto nimejifunga mpaka chini ya macho. Daktari alinipa mafuta ya kupaka puani. Kila mwezi nilijipangusa na kujiotesha, na kila mwezi yule wa dhahabu alikuwapo. Mtoto alianza kucheka, mimi nimefunikwa. Akakaa, akatambaa, akaota meno mawili. Aliipenda ile shashi. Alikuwa akiivuta kwa vidole na mimi narudisha kichwa nyuma. Watu wa Manundu waliniita Bwana Kilemba cha Mdomo, na nikazoea.

Masika ikapita, kiangazi kikaja. Kisha mwezi mmoja sahani ikawa tupu. Daktari akasema hapana, bado. Mwezi wa pili tupu. Wa tatu alipoiona aliigeuza geuza kwenye mwanga, akanirudishia, akasema, "Nenda nyumbani."

Sijawahi kutembea ile njia kwa haraka vile. Nilivua kitambaa mlangoni, nikakitia mfukoni, nikaingia uani uso wazi. Mtoto alikuwa amesimama, ameshika ukingo wa kinu. Alikuwa ameanza kutembea wiki ile. Nikachuchumaa, nikanyoosha mikono, nikamwita kwa jina lake.

Alinitazama. Mdomo ukapinda. Akapiga yowe, akageuka, na hatua zile tatu nne alizokuwa amejifunza akazitumia kunikimbia, mpaka kwenye magoti ya mama yake, akaficha uso.

Mke wangu alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu aliniona, akaacha.

"Usimlaumu," alisema taratibu. "Huyu mwenye pua hamjui."

Nikatoa kitambaa mfukoni, nikajifunga tena mpaka chini ya macho. Mtoto akageuka, akanitazama kidogo, akaja.